Kitenge Mbele ya Video

Kwanza hili liwekwe sawa, maana maneno yametoka mtaa wa Malangali yakafika mtaa wa Chanji na kurudi yamenenepa: marehemu Mwalimu Sebastiani hakuonyesha picha chafu hata siku moja. Video alionyesha, ndiyo, kwenye godauni la mahindi nyuma ya nyumba yake, miaka ile ya themanini kuelekea mwisho, wakati mwenye deki ya video Sumbawanga alijulikana mji mzima. Anayesema zaidi ya hapo amesimuliwa na simu.

Ndivyo alivyokuwa akisema mjane wake, Mwalimu Hilaria, asubuhi ile akipanga vikombe mezani. Msikilizaji wake alikuwa mjukuu wake tu, Jovina, aliyekuwa anasubiri wageni. Washenga wa mchumba wake Wiliam walikuwa wanakuja kumaliza mazungumzo ya mahari na wajomba zake, ila walitanguliza ujumbe kwamba kuna jambo dogo la kuuliza kuhusu babu.

"Jambo dogo!" Hilaria alifuta kikombe kilichokwisha kuwa safi. "Hata kinyesi cha panya ni kidogo. Nani anakitia kwenye uji?"

"Bibi, nakuomba. Wakiuliza, wajibu taratibu. Wakiondoka na kinyongo, basi tena."

"Nitawajibu kama wanavyostahili."

Kilichomchefua kilianzia msibani. Siku ya kuanua matanga ya Sebastiani, mwaka uliopita, mtani wa familia alifanya kazi yake. Huyu ni Masalu, Msukuma, mfugaji wa kule Kaoze. Alivaa koti la marehemu, akavuta kitenge cha mjane kwenye kamba ya nguo, akasimama mbele ya waombolezaji kama Sebastiani anayetafsiri video. "Hapa stelingi anamwambia binti, nimeuza ng'ombe wote kwa ajili yako! Binti anauliza, na ndama?" Kisha akainua kitenge, akachungulia nyuma yake na kupiga yowe: "Lo! Kumbe haya ndiyo mnayotazama wawili tukishaondoka!"

Watu walicheka mpaka wakalia upya. Hilaria mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mtani anapomsema marehemu hatoi habari zake. Anawapa waliobaki nafasi ya kupumua. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa Kelvin, mpwa aliyekulia Dar es Salaam. Yeye alirekodi, akakata mwanzo na mwisho, akarusha kwenye makundi ya WhatsApp. Video hiyo ilipofika Chanji, utani ulikuwa umegeuka ushahidi, na chini yake wamebandika vikatuni vinavyocheka machozi. Hilaria alionyeshwa mara moja tu. Alirudisha simu kwa ncha za vidole, kama aliyeokota kitambaa cha mtu mwenye mafua.

Kitenge chenyewe kilikuwepo, Hilaria hakuwahi kukana. Kanda zilipanda kutoka Tunduma: makomando wasioishiwa risasi, mabingwa wa kareti, Wahindi wanaoimba mvuani. Watu walikaa juu ya magunia, wamejifunika mablanketi kwa baridi. Sebastiani alisimama kando ya video akitafsiri Kiingereza sentensi kwa sentensi, na za Kihindi alizitunga, watu wakijua anatunga, wakizipenda zaidi. Lakini gunia moja lilikaliwa na baba na binti yake, na jingine na mama mkwe na mkwewe. Wangetazamaje pamoja watu wawili wakibusiana? Kwa hiyo Hilaria alizitazama kanda mchana, akashika kichwani pa kufunika, na wapenzi walipoanza kusogeleana alisimama na kitenge mbele ya kioo. Vijana walipiga kelele, "Mwalimu, funua, tumeiva!" Naye aliwajibu, "Mbichi nyie, kaeni!" Safari moja aliwahi kufunika mapema mno; wale wawili walishikana mikono tu wakalia. Godauni likaamini kwamba siku hiyo ndiyo mambo yalizidi.

Wageni waliingia. Mzee Zephania, mshenga, alikuwa mtu wa maneno ya pole. Aliyeongozana naye, Raymond, baba mdogo wa Wiliam, alivaa tai na kushika simu mkononi kama cheti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Masalu naye alikuwa ameitwa aje aeleze. Raymond alimgeukia mara moja. "Mzee, ni wewe kwenye video hii. Hebu sema kweli, pale godauni uliona nini?"

"Niliona Wafipa wamelala juu ya mahindi, panya wanawaomba wawapishe."

"Naongea mambo mazito."

"Na mimi ni mtani. Nikianza kumtolea huyu bibi kizee ushahidi, wa kumtetea au wa kumfunga, utani umekufa. Akifa yeye, nani atamcheka?"

"Utatangulia wewe," Hilaria alimwambia, "na nitavaa gwanda lako lenye harufu ya ng'ombe."

"Umeona?" Masalu alimwambia Raymond. "Huyu ananipenda."

Raymond hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu na Hilaria. "Basi wewe Mwalimu ndiye uliyeshika kitenge. Tuambie tu, nyuma yake kulikuwa kunafanyika nini? Tukijua, tutafunga mjadala, tuendelee na mahari."

Mlangoni Jovina alisogea asikie. Neno moja tu lingetosha, busu, na lilikuwa kweli tupu. Hilaria alimtazama mwanamume yule aliyenyoosha shingo kulisubiri, midomo wazi. Alikuwa kijana wa godauni yuleyule, ila wale wa zamani angalau walikuwa na aibu, wakapiga kelele gizani.

"Wiliam akimwoa Jovina, wewe utakuwa nani kwangu?"

"Mkweo, Mwalimu."

"Kitenge kile nilikishika ili mkwe asitazame mambo ya chumbani mbele ya mkwe. Leo umekuja na tai nyumbani kwangu, unataka mkweo ayatamke."

Mzee Zephania aliinamisha kichwa. Kisha alinyoosha mkono, akaichukua ile simu kutoka kwa Raymond na kuitumbukiza kwenye mfuko wa koti lake. "Mwalimu, tumekosa. Mtusamehe. Tulikuja kuomba binti, na bado tunamwomba."

"Hayo mtaongea na wajomba zake, wako chumba cha pili. Jovina, wapelekee chai."

Jovina alibeba sinia kwa furaha. Raymond, aliyebaki nyuma, alikohoa kidogo. "Ila, Mwalimu, kati yetu tu..."

"Sisemi."

"Walau—"

"Nimesema sisemi. Mlango ule pale."