Springi za Kumpokea Mama Mkwe

Gari langu lilikuwa jekundu, la mashindano, halina paa, lina viti viwili tu. Nililinunua kwa Mgiriki aliyefunga duka lake hapa Kindu akarudi kwao. Siku lilipoingia uani mke wangu aliuliza watoto watakaa wapi. Nikamjibu kwamba watoto wenyewe bado hatujawapata. Mpaka leo naona jibu lilikuwa sahihi, ila ndilo lililomrudisha kwao Pangi.

Nilichoka upesi kula peke yangu, nikatuma wazee kuomba radhi. Majibu yakaletwa na dereva wa lori: mama mkwe atakuja kukagua mwenyewe kama nyumba yangu ni ya kurudishiwa mtoto wa watu. Goti lake bovu, kwa hiyo nimpokee pale malori yanapopakua, kwa gari hilohilo. Sharti la gari, nilijua, lilitoka kwa mke wangu.

Kwao mume wa binti na mama mkwe hawagusani hata kidole. Mkigusana ni aibu ya ukoo mzima, na aliyegusa anatoa mbuzi. Sasa sisi tulikuwa tukae bega kwa bega, na springi za mbele zilikuwa zimechoka kiasi kwamba kila kona gari lililalia ubavu.

Nikaenda na fundi wangu kwa muuza vipuri mmoja, mtu wa Butembo. Akatuwekea mezani jozi mbili: springi laini za gari dogo la familia, na nyingine fupi, nene, zilizong'olewa kwenye kamioneti, lori dogo la mizigo. Fundi akazisifu laini.

"Njia ya Kindu ni mashimo tu. Kamata hizi, utalala usingizi ndani."

"Utabeba nani, sitwaye?" muuzaji akaniuliza, akiniita mwananchi kwa Kifaransa cha hapa.

"Mama mukwe."

Fundi akaondoa mkono wake kwenye zile laini kama aliyeungua.

Tulizijaribu hata hivyo. Tukazifunga, tukaketisha gunia la mchele kwenye kiti cha abiria, nikazunguka kona ya stesheni. Gunia likanilalia begani.

"Mbuzi!" fundi akapiga kelele kutoka kando ya njia. "Mbuzi moja iko inakuja!"

Tukafunga zile ngumu, nikaingia kona ileile. Safari hii gunia lilikaa wima, lina adabu kuliko mimi. Nikachagua ngumu, nikajiona mwerevu wa mji mzima.

Mama mkwe alishuka kwenye lori amejifunika kitenge mpaka kichwani. Aliketi akanipa mgongo, nami nikakodolea njia. Kona ya kwanza hakuinama. Ya pili vilevile. Nilitamani kuimba.

Lakini gunia la mchele ni zito, na mama mkwe alikuwa mwembamba. Karibu na nyumbani palikuwa na shimo tulilolijaza wenyewe vipande vya matofali siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kila mtu akiharakisha aende zake. Springi ngumu hazina utani. Mama mkwe aliruka juu, na aliposhuka alikuwa amenikumbatia shingo kwa mikono yote miwili.

Nikasimamisha gari. Niliogopa kweli, nilijua mke ndiyo nimeshampoteza. Tukatazama huku na huku. Njia ilikuwa tupu, kuku tu.

Akaniachia polepole, akapanga kitenge chake. Kisha kwa mara ya kwanza akasema nami bila mtu wa kati.

"Nani ameshika mwenzake?"

"Ni weye, mama," nikauambia usukani.

"Basi mbuzi ni yangu kutoa." Akachungulia tena njia. "Mukwe, kuko muntu ameona?"

"Hakuna, mama. Lakini siri ni nzito kwa muntu mwenye kulala peke yake."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka.

"Endesha," akasema.

Nyumba aliikagua kwa kuitupia jicho moja tu, na lori la kwanza kurudi Pangi likamchukua. Lililofuata kutoka huko lilimleta mke wangu. Furaha ilinijaa hata nikasahau kumsalimu dereva. Mke wangu alisimama mikono kiunoni.

"Mama amesema nirudi mbio, tena nisiulize neno. Ulimufanya nini?"

Nikapakia mzigo wake, nikamfungulia mlango, nikamwambia ashike vizuri.