Shemeji Alipoita Kutoka kwenye Shuka

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, Jumamosi, umeme ulirudi katika ua wa dada yangu, na tangu hapo watu wa mtaa wetu wa Katuba waliacha kuniita fundi, wakaanza kuniita Papa Sinema, jina ambalo hadi leo nikilisikia sokoni nabadilisha njia.

Nitaeleza kwa utaratibu (ndiyo tabia yangu, hata kwenye aibu). Ulikuwa mwaka ule wa uporaji, maduka ya mjini yamebaki bila milango na kampuni ya madini imeacha kulipa. Dada yangu mkubwa, Mama Rosa, alikuwa amemaliza mwaka mzima katika nguo nyeusi za kumlilia mumewe. Asubuhi ile wakwe zake walimwosha, wakamvika kitenge kipya, wakamwambia marehemu aende zake na amwachilie mke. Jumanne angepanda treni kwenda mji wa Kamina kwa mwanawe, kwa sababu nyumba yao ya kampuni ilikuwa inachukuliwa, na mjane ambaye marehemu hajamwachilia wakwe hawamruhusu kusafiri.

Bia hatukuwa nayo, nyama ilikuwa ya kuonja tu. Nikaona haya, nikaamua kukodi projekta ili watu waone kaseti ya harusi ya binti yao Rosa, ambamo marehemu shemeji anacheza. Televisheni ya jirani ingetosha, lakini mimi nilijifunza umeme peke yangu, vitabuni, na nilitaka watu wajue. Aliyenikodisha hakusema alikoitoa ile mashine. Namba ya ofisi ilikuwa imekwaruzwa chini yake, nami nikaichukua hivyohivyo. Nikatundika shuka, nikapima kila waya, nikaunganisha sauti kwenye amplifaya ya kwaya. Habari ya kuoshwa haikunipitia kichwani hata kidogo.

Nilipobonyeza tu, umeme ukakatika.

"Shemeki," akasema Papa Alfonsi, kaka wa marehemu, "hii sinema yako iko ya bipofu?"

Walicheka sana. Kisha umeme ukarudi kwa nguvu, taa zikawaka nyeupe kuliko kawaida, na kwenye shuka shemeji, mrefu kuliko nyumba, akatoka katikati ya wachezaji, akatutazama, akanyoosha mkono.

"Mama Rosa, kuya. Niko nakungojea."

Ilikuwa sauti yake, ile ya mtu mwenye mafua. Na dada yangu, kama alivyozoea miaka yote kuitwa kutoka jikoni, akasimama.

"Niko nakuya, Papa."

Akatembea hadi kwenye shuka, kivuli chake kikaingia ndani ya kile kiganja kikubwa. Hakuna aliyecheka tena. Nikakimbilia waya, mguu ukanasa, meza ikapinduka na projekta juu yake, nami nikaangukia uso mzima kwenye sahani ya bukari, ugali wetu wa mahindi.

"Tulimufukuza asubui, weye unamurudisha mangaribi!" Papa Alfonsi alipiga kelele. "Na bibi yake amemuitika! Ule mutu hayaenda bado. Bamuvalishe tena nguo nyeusi!"

Nikiwa bado napangusa bukari machoni, dada aliniambia polepole, "Aliniita, ndogo yangu. Ningefanya je?"

Jumanne treni iliondoka bila yeye. Alikaa sebuleni kwangu miezi sita, katika nguo nyeusi, na kila umeme ulipokatika alisogeza kiti chake mbali na ukuta.

Amplifaya niliirudisha kwa fundi wa kwaya. Aliifungua, akanionyesha fuzi, nyeusi tii.

"Iliungua palepale umeme uliporudi," akasema. "Hii haikutoa hata neno moja, Papa Sinema."

Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena.

Sijakodi projekta tangu siku ile, na sitakodi. Kaseti nimeifunga kwa waya, iko juu ya kabati. Taa ya projekta, fuzi, tiketi iliyopotea, na kuoshwa mara ya pili, ambako nililipa mwenyewe bila kubishana: dola themanini na sita.