Waya Uliopita Makaburini

Mimi si mtu wa kutulia. Hata chakula nakula nimesimama. Siku aliyofariki baba nilizunguka ua wetu pale Gongoni mpaka ami yangu, mdogo wake baba, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Sikupoteza kitu. Nilikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu alikuwamo dada yangu, analia jikoni mwa watu huko Maskati.

Dada anafanya kazi za nyumbani huko. Baba alikata roho alfajiri, na kwetu maiti hacheleweshwi. Angezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Hata kama tajiri wake dada angempa ruhusa, ndege gani ingemfikisha? Aliniomba jambo moja tu.

"Kaka, nionyeshe baba anavyolazwa. Usinikatie hata kidogo."

Nikamwapia.

Ami hakupendezwa. "Mwanamke haendi makaburini," alisema.

"Haendi, ami. Yuko Maskati."

Wazee wawili waliokuwa karibu wakainama kuficha cheko. Na kweli, lau dada angekuwapo nyumbani, angebaki ndani na wanawake wenzake, kaburi asingeliona. Umbali ndio uliompa nafasi hiyo, nami niliishikilia kwa mkono uliojaa jasho.

Baba alikuwa ameusia alazwe ubavuni mwa mama. Kaburi la mama liko mwisho kabisa, upande wa barabara kuu. Baada ya mama kufa walikuja watu kuchimba mtaro mrefu kando ya barabara ile, wakafukia bomba jeusi lenye waya wa mtandao, wakasimamisha vigingi vya saruji kuonyesha ulipopita. Baba alikuwa kibarua wao, maana kazi ya mashamba ya chumvi ilikwisha mshinda mgongo. Walipoondoka, alikwenda akang'oa kigingi kimoja na kukisimamisha kichwani pa mama kiwe alama ya kaburi, kwa kuwa kile kipande cha mti cha mwanzo kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mtaa mzima ulijua. Tulimtania kwamba amemwoza mkewe kwa watu wa simu, naye akicheka. Hakuna aliyewahi kuuliza kigingi kile kilitolewa mahali gani hasa. Aliyejua waya ulipopita ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Jeneza lilipotolewa nyumbani nilimgeuzia dada kamera aone. Uso wake ukaganda, mdomo wazi nusu, kisha ukatoweka. Nikapiga tena. Hakuna. Nikaazima simu ya jirani. Hakuna. Ua mzima watu walikuwa wameinua simu zao juu, kana kwamba mtandao umekwea mnazi. Nikautazama mnara wetu wa simu. Umesimama vilevile, hauna hata kasoro ya kutukania.

Nilitaka nichukue bodaboda nikimbilie Mambrui, huenda huko ukapatikana. Ami akanishika mkono.

"Maiti hangojezwi mtandao, mwanangu. Shika jeneza."

Nikashika. Tukaenda msikitini, tukasali, tukaelekea makaburini, na njia nzima simu ilinichoma mfukoni.

Binamu yangu, aliyeongoza wachimbaji, alitupokea uso umemwiva. Alielekeza jembe lake tu. Ukutani mwa kaburi, upande wa kichwani, lilichomoza bomba jeusi lililokatwa, na ndani yake nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele, zinang'aa juani.

"Nilidhani mzizi," alisema. "Nikaupiga panga."

Hasira zikanipanda. Nilifoka mbele ya jeneza la baba yangu mzazi: mzizi gani, na mti wenyewe uko wapi? Kisha nikakiona kile kigingi cha saruji kichwani pa mama, kimesimama mahali pasipo pake. Nikanyamaza.

Nilirekodi mazishi yote, ami akijifanya haoni. Talakini ikisomwa, yale maneno ya kumkumbusha maiti kaburini, jicho langu lilikuwa pembeni mwa kioo cha simu, natazama kama mtandao umerudi. Nilimzika baba nusu nusu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mafundi walifika siku ya pili. Walituambia kwamba mnara peke yake ni chuma tu; yote tunayosema hutoka mnarani kwenda duniani kwa waya ule wa chini, na yote tunayotazama huja kwa huohuo. Niliwangoja watukemee. Walivua kofia, wakamwombea marehemu, wakaunganisha nyuzi na kuuzungusha waya mpya nyuma ya kichwa cha baba.

Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya dada. Nilimweleza yote, nikizunguka ua. Nilimwambia nimemtumia picha za video. Mpaka leo hajazifungua.

"Hayo ya jana, kaka," alisema. "Mimi nilitaka niwepo."

Baadaye akauliza, "Na sasa waya wameupitisha wapi?"

"Kichwani pa baba."

"Kwa hiyo mimi nikizungumza nawe, napita hapo?"

"Wapita."

Nikadhani mtandao umekatika tena. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nimegeuka, nimerudi kisimani. Kwetu mtu hapiti makaburini bila kuwatolea salamu waliolala.

"Asalaam aleikum, baba," dada akasema.

Tangu siku hiyo, kila anapopiga simu huanza hivyo, kabla hajanijulia hali mimi. Nami, niwe sokoni au njiani, huacha kutembea na kusimama papo hapo. Siitikii. Salamu hiyo si yangu.