Ramani kwenye Makalio ya Arvo

Arvo Lampinen, mzee wa asili ya Ufini aliyeendesha lori la magogo kaskazini mwa Michigan mpaka magoti yakagoma, hakwenda popote pa heshima bila kwanza kuingia sauna, kile chumba cha Wafini cha kuogea mvuke wa mawe ya moto yaliyomwagiwa maji. Harusi, sauna. Mazishi, sauna. Kwa daktari ndiyo usiseme: alijisugua hadi akang'aa kama sufuria mpya, na wiki nzima kabla ya hapo alikuwa ameshajipaka krimu aliyoandikiwa zamani, ya pumu ya ngozi, juu ya mabaka mekundu ya makalioni.

Mabaka yenyewe yalikuwa ya miaka mingi. Reino, rafiki yake wa benchi la sauna kila Jumamosi, aliyajua kuliko mwenyewe, maana Arvo hana macho huko nyuma, na aliyasoma kama ramani ya nchi ya wazee wao.

"Ufini imeongeza mkoa," Reino humwambia. "Keti upesi, Warusi wasiione."

Daktari Pruitt, bingwa wa ngozi, alishamkata kipande kidogo cha ngozi mara mbili kikapimwe, na mara zote majibu hayakusema kitu. Alishuku saratani ya limfu, ile adimu inayojificha ngozini ikajifanya pumu ya ngozi. Lakini shaka haimtibu mtu, na Ilma, mke wa Arvo, usingizi ulishamkimbia.

Safari ya tatu Ilma akaingia naye. Daktari akainama, akakunja uso.

"Mzee, mbona pamepoa hivi?"

"Mimi mtu wa usafi, daktari."

"Usafi gani," Ilma akadakia. "Kila akitaka kuja kwako anajipaka krimu kama anapamba keki."

Daktari akaweka kisu chini. "Mzee wangu, krimu hiyo inafukuza chembe ninazozitafuta. Unampigia mwizi honi kabla polisi hawajafika. Kaa mwezi mzima usipake kitu, halafu uje hivyo hivyo, na mabaka yako."

Mwezi huo ulimtoa jasho kuliko sauna. Kuwashwa alikuweza, Reino ndiye hakuwezekana. "Sasa naiona na Uswidi," alisema. Arvo akapekua nyumba nzima akitafuta krimu, asijue Ilma ameifukia kwenye friza chini ya samaki.

Safari hii kipande cha ngozi kilisema. Ni saratani kweli, ya mwendo wa kobe, na imewahiwa. Dawa yake mwanga: asimame uchi ndani ya kabati la taa. Arvo akaingia, akamuuliza muuguzi, "Mama, maji ya kumwagia mawe yako wapi?"

Theluji ilipoyeyuka, Reino akainama benchini, akatafuta.

"Ufini imekwenda wapi?"

"Ilma anasema imebaki Helsinki tu," Arvo akajibu, akageuka aonyeshe vizuri, wala hakuombwa.