Fimbo Iliyokwisha Kila Jumamosi

Pembe ya ng'ombe ikipigwa tupa hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo ikichanganyika na ya vanishi hupanda kichwani na kukaa. Ndiyo harufu ya likizo yangu ya Aprili nilipokuwa darasa la tano, katika vyumba viwili tulivyopanga Ruiru, ambako baba yangu alikuwa amenitengenezea fimbo ya kuvulia samaki. Nasema alikuwa amenitengenezea, na nasema hivyo kwa makusudi. Fimbo ilikuwa imekwisha. Mwanzi ulikuwa umekaushwa, umenyooshwa kwa moto, umepigwa msasa na kupakwa vanishi. Mshipi ulifungwa kwenye ncha, na ndoano ilingoja ndani ya kibiriti kitupu. Kilichobaki kilikuwa kwenda kuvua.

Baba alizaliwa karibu na ziwa, upande wa Busia, akaja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Siku za mapumziko aliwatengenezea watu wa kwao fimbo, nao wakaenda kuvua ngege, wale samaki wanaoitwa pia perege, katika bwawa la shamba la kahawa lililokuwa karibu na kwetu. Mwenye shamba aliwaruhusu majirani kila Jumamosi. Lakini mwaka ule shamba lilikuwa limeuzwa. Vigingi vya wapimaji vilikuwa vimeshapigwa katikati ya mibuni, na kila mtu alijua kwamba wakati wowote ua ungewekwa, bwawa lifukiwe, nyumba zijengwe. Mimi sikuwa nimewahi kuvua hata dagaa. Nilimweleza Baba kwamba tukichelewa tutakuta ua. Alinisikiliza vizuri, akakubali kila neno, kisha akaketi kwenye kigoda na kisu chake.

Ugonjwa wa Baba ulikuwa nakshi. Hakuweza kuiacha fimbo iliyokwisha iondoke mikononi mwake ikiwa tupu. Alichonga vijishimo vya umbo la almasi kwenye mpini, akakata pembe vipande vya umbo lilelile, akavipachika kwa gundi, akavipiga tupa mpaka kidole kikipita kisihisi mpaka kati ya pembe na mwanzi. Ilikuwa kazi ya kupendeza, na ndiyo maana iliniudhi zaidi. Kazi mbaya ningeweza kuicheka. Tatizo ni kwamba ukichonga fimbo iliyopakwa vanishi, lazima uipake upya, na vanishi ya Baba, msimu ule wa mvua, haikutaka kukauka. Ilinata kama ubuyu. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza tulibaki nyumbani tukiitazama fimbo imelala juu ya kabati. Ilipokauka, aliigeuza kwenye mwanga, akaona sehemu iliyo wazi, akaizungushia waya wa shaba, akapaka vanishi tena. Jumamosi ya pili ikapita.

"Haraka haraka haina baraka, Kukhu," aliniambia. Kukhu ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha ya kwao. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Nabwire.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama akamjibu kutoka jikoni. "Baba Nabwire, hao samaki wataikagua fimbo kwanza ndipo wale chambo?"

Jirani yetu Mama Wanjiru, ambaye kwao hawakula samaki na aliwaona kama nyoka waliokosa bahati, alisimama mlangoni akatikisa kichwa. "Kai, kwani huyo samaki anaolewa? Mbona mnampelekea mapambo?"

Baba alicheka pamoja nao. Hilo nalo liliniudhi. Mtu anayecheka huwezi kugombana naye. Wiki iliyofuata alipachika vipande vya magamba ya kome alivyoletewa kutoka ziwani, vyenye mng'ao wa upinde wa mvua, na vilipokwisha kabla mstari haujakamilika, aliiendea kamba ya nguo. Jumapili Mama alikwenda kanisani blauzi yake ya ushirika imefungwa kwa pini, vifungo vyake vyeupe vikiwa vimetulia kwenye mpini wa fimbo yangu. Jioni alimwambia Baba, "Sasa hiyo fimbo imeokoka. Ipeleke ibatizwe."

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Nilibeba mkebe wa minyoo, Baba akabeba fimbo wima kama bendera. Ua ulikuwa umewekwa. Waya ulikuwa mpya kabisa, na nyuma yake alisimama soja wa kulinda shamba, amevaa koti refu la mvua.

"Kuvua hapana, mzee. Ni amri." Kisha macho yake yakashuka kwenye mpini. "Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na hii nyeupe ni nini?"

Baba akaipitisha fimbo kati ya nyaya. Akamweleza soja habari za pembe, za shaba, za kome, hata za vifungo, mmoja upande huu wa ua, mwingine upande ule. Soja akamwita mwenzake aje aone. Nyuma yao, mahali ambapo sikuweza kufika, ngege aliruka, akapiga maji, akazama. Nilimwona mimi peke yangu. Wale watatu walikuwa wameinamia mwanzi.

"Umeona yule soja alivyoishika?" Baba aliniuliza tukirudi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi na kapu limejaa. Mimi niliwamwaga minyoo mtaroni.

Leo ninaishi ghorofa ya nne, karibu na palipokuwa na bwawa lile. Maji ya mfereji hutufikia siku mbili kwa wiki, na siku nyingine napandisha madumu huku nikiwaza ngege. Siku hizi Ruiru hakuna kinachongojwa kikauke: watu wanahamia jengo rangi ikiwa mbichi, na kabla ya mwaka kuisha ukuta umefanya ufa. Fimbo yangu iko ukutani sebuleni. Hakuna kipande kilichobanduka. Wageni huipiga picha. Ndoano yake haijawahi kulowa.

Jumamosi iliyopita Baba, ambaye sasa ni mstaafu, alikuja kututembelea. Nilikuwa nimepata habari za mabwawa ya kufugia samaki upande wa Thika ambako mtu huruhusiwa kuvua, na nilikuwa nimefunga mshipi mpya na kuandaa chambo tangu asubuhi. Aliishusha fimbo, akaipitishia kidole gumba toka ncha hadi mpini, polepole, kisha akasimama.

"Kukhu, hapa pamebaki wazi."

Akaanza kusokota kifungo cha mkono wa shati lake. Nilimletea mkasi, akakikata. Nikakichukua, nikakitia mfukoni mwangu, nikamsogezea viatu.