Nilikwenda Kutazama Umeme, Nikatazama Maji

Leo nimemwaibisha baba mbele ya injinia, na bado natabasamu.

Binamu amenipa dakika kumi kwenye kompyuta ya ofisini kwake, kwa hiyo nawaandikia nyote mliosoma nami kwa pamoja.

Mnamjua baba, askari jela. Alishawatangazia majirani wote hapa Mbale kwamba nitasomea uhandisi wa umeme. Fomu ya chuo inarudishwa kesho. Basi asubuhi akanipeleka Jinja, nikaione mitambo ya bwawa kwa macho yangu.

Injinia mmoja, mama mpole, alitutembeza saa nzima. Jenereta, transfoma, nyaya. Mwishoni akaniuliza, "Sasa binti, umependa mtambo gani?"

Sikukumbuka hata mmoja.

Muda wote nilikuwa naangalia maji yanavyojikunja taratibu kabla ya kuzama chini, nikiwaza ni nani aliyejua ukuta wa bwawa uwe mnene kiasi gani. Nikamwambia hivyo hivyo.

Baba akainamisha kichwa.

"Afande," injinia akamwambia, "huyu si wa umeme. Ni wa ujenzi, wa maji na mabwawa." Akanigeukia. "Hesabu na kuchora, unaweza?"

"Hesabu naweza. Kuchora ndiyo napenda zaidi. Umeme ndio hunishinda."

Tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani, tukapita Bugembe. Hapo baba akanipa fomu na kalamu yake.

"Andika mwenyewe."

Nimeandika ujenzi. Mwandiko umeyumba kwa mashimo ya barabara, lakini unasomeka.

Nanyi, nani aliwachagulia?