Prelude ya Tatu na Malori ya Burumba

Binti wa mwalimu wangu wa zamani wa piano alinipigia simu Jumatatu, nikiwa kazini Eldoret, ambako nafundisha watoto piano. "Dada, mama ametuacha. Alisema wewe ndiye upige ile ya tatu." Nikasema sawa, poleni sana, nikarudi kumnyoosha mtoto vidole. Nakwambia ukweli, rafiki yangu, sikuhisi kitu. Siku ya mazishi nilipanda basi la Busia, nikala mahindi ya kuchoma, nikatazama mashamba ya mihogo yakipita, kama mtu anayefuata kitambulisho chake kwa chifu.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na funguo za kanisa letu dogo la Burumba, na ndani ya kanisa hilo mlikuwa na piano ya kwanza kuiona maishani mwangu. Wamisionari waliiacha walipoondoka. Kitufe kimoja cha sauti nzito kilikuwa kimekufa, na kazi yangu kabla ya somo ilikuwa kupangusa vumbi la barabara kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kulinuka dizeli, na kulinukia kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi mbivu na unga wa mihogo ambazo mama jirani alizikaanga chini ya dirisha la kanisa. Nikipiga vizuri alinipa mbili. Nikipiga vibaya alinipa moja, na maoni juu yake.

Tulisoma kitabu kisicho na jalada, chenye prelude za kisasa, vipande vifupi vya ukurasa mmoja mmoja. Hujakaa sawa kwenye kiti, kimekwisha. Hakuna kuimba, hakuna kupiga makofi, noti zenyewe chache kama meno ya babu. Siku moja taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, alichungulia dirishani akauliza, "Madam, hiyo ngoma imeisha ama imekatika?" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini kwangu alikuwa mkali. "Hii ni fupi," alisema, "kwa hivyo usiharakishe. Mgeni wa dakika moja humwonyeshi mlango."

Sasa, kanisa lilikuwa kando ya barabara ya mpakani. Somo letu lilianza saa kumi jioni, na muda si muda malori yaliyomaliza karatasi yaliachiliwa kuingia Uganda. Madirisha yalitetemeka na piano yenyewe ikaguna. Mwalimu alikuwa na sheria moja: usishindane na lori. Unainua mikono, mguu unabaki kwenye pedali, unahesabu moyoni, unangoja. Mama jirani, aliyekuwa akiiona barabara, alituitia dirishani, "Imepita!" Hapo ndipo unaendelea. Tulianza na ya kwanza kila siku, kwa hivyo malori yalitufikia mahali pamoja, mstari wa tatu wa prelude ya tatu. Miaka miwili nilisimama hapo. Sikujua tena kwamba nasimama.

Nilipofika miaka kumi na minne mwalimu alinipeleka Nairobi kwenye mtihani. Kufaulu kungenipa nafasi katika shule ya bweni yenye muziki, ada ikiwa imelipwa, na mama yangu alishaanza kuwaaga majirani kwa niaba yangu. Ukumbi ulikuwa na zulia, kimya mpaka nikasikia tumbo langu. Nikapiga ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu, mstari wa tatu, nikainua mikono nikangoja. Nikangoja sana. Mtahini akauliza kwa upole kama nimesahau. "Hapana," nikasema, "nangoja lori lipite."

Sikupata nafasi. Nilipomweleza mwalimu kilichotokea hakusema pole. Alichukua penseli, akachora juu ya ule mstari alama ya kusimama, nusu duara na nukta ndani yake, akasema, "Basi, sasa imeandikwa." Nilimchukia siku ile. Niliona amenifundisha kosa kisha akalipamba. Nikaacha kwenda masomoni, na nilipohama Busia sikumuaga. Alinitumia salamu kila Krismasi. Sikujibu hata moja.

Kanisa nililikuta na rangi mpya. Malori siku hizi yanazungukia barabara nyingine, na vitufe havikuwa na vumbi; nilipitisha kidole nikaona ajabu. Jeneza lilikuwa karibu nami kiasi kwamba ningeweza kuligusa. Binti yake aliweka kile kitabu mbele yangu. Sikuhitaji kusoma, lakini ilikuwapo, ile alama ya penseli, imekolezwa mara nyingi juu yake yenyewe. Mwalimu alikuwa ameirudia, naona, kila ilipofifia.

Nikapiga. Mikono ilikuwa ya kwangu lakini mimi sikuwamo. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu mikono ikainuka yenyewe, mguu ukabaki kwenye pedali. Nje hapakuwa na kitu. Hapakuwa na honi, hapakuwa na breki, kioo hakikutikisika. Nikaona kwamba sikujua namna ya kuondoka hapo, maana miaka yote ile sikuwahi kuamua mwenyewe lini niendelee. Watu wakaanza kugeuka. Mchungaji akakohoa.

Ndipo kutoka benchi la nyuma mama jirani, mzee sasa na fimbo mkononi, akaita kwa sauti yake ile ile ya dirishani.

"Imepita, mwanangu. Endelea."

Mistari miwili iliyobaki niliipiga bila kuiona, maana macho yalikuwa yamejaa.